Karatasi za Safari: Mwongozo Kamili wa Delivari Noti, Risiti na Ankara kwa Mwenye Lori

Dereva wetu alipiga simu saa tatu usiku akiwa Tandale. "Dada, mzigo umeshuka wote, hakuna shida." Nikalala vizuri. Wiki iliyofuata nikampelekea mwenye mzigo ankara, akafungua delivari noti, ile karatasi ambayo mpokeaji husaini kwamba mzigo umemfikia, akauliza swali moja tu: "Hii sahihi ni ya nani?" Palikuwa na mchoro wa kalamu, basi. Jina hakuna, muhuri hakuna, saa haikuandikwa. Stoo kipa alikana, na mlinzi wa zamu ile alishaacha kazi. Mchele ulikuwa umeshaliwa mjini, sisi tukalipwa baada ya miezi minne, tena tukiwa tumekatwa magunia sita ambayo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama yalifika au hayakufika.

Tangu siku hiyo ofisini kwetu safari haiishi gari likishusha. Inaisha karatasi yenye sahihi ikiingia mezani. Ninaandika haya kwa wenzangu wenye gari moja, mbili au tatu, wasio na idara ya uhasibu, ambao mara nyingi ofisi yao ni simu na droo ya kabati. Nitatumia safari moja ya mfano: magunia 300 ya mchele, kila moja kilo 100, kutoka mashine za Ubaruku wilayani Mbarali hadi Dar es Salaam. Hizo ni tani 30.

Kabla ya yote: karatasi za gari na za dereva

Hapa sitakaa sana. Gari litembee na nakala ya kadi ya usajili ya kichwa na ya tela (ni kadi mbili, wengi husahau ya tela), bima iliyo hai, leseni ya kubeba mizigo ya LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu), na leseni ya dereva ya daraja linaloruhusu gari kubwa. Kadi halisi zibaki ofisini. Tarehe za mwisho za bima na za leseni ziandike kwenye karatasi moja ukutani, kubwa, kwa kalamu nyekundu. Bima ikiisha gari likiwa njiani ndiyo siku ambayo ajali itakuchagua.

Hatua ya kwanza: makubaliano kabla gari halijawashwa

Mizigo mingi tunaipata kwa dalali. Dalali si adui, bila yeye gari lingerudi tupu. Tatizo linaanza pale unapofika wakati wa kulipwa na kugundua kwamba jina pekee ulilonalo ni "Mzee wa Mchele" na namba ya simu inayoita bila kupokelewa. Kwa hiyo kabla ya kupakia, pata majina mawili: nani mwenye mzigo na nani atakayelipa nauli. Mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingine mwenye mzigo yuko Mbarali, mlipaji yuko Dar na dalali yuko katikati ameshika hela ya wote. Yote haya yaandikwe.

Karatasi ya makubaliano haihitaji mwanasheria. Kurasa moja inatosha, hata ujumbe wa WhatsApp ambao upande wa pili umejibu "nimekubali" ni bora kuliko maneno ya simu, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa aina hiyo. Usiufute, na usibadilishe simu bila kuuhifadhi kwanza. Ndani yake yawemo haya: aina ya mzigo na uzito, mahali hasa pa kupakia na kushusha, bei na kama ni kwa tani au kwa safari nzima, kiasi cha kutanguliza na siku ya kumalizia. Halafu andika mambo matatu ambayo ndiyo huleta ugomvi.

La kwanza, nani analipa makuli, kupakia na kushusha. La pili, siku za kusubiri. Gari likikaa nje ya ghala siku tatu kwa sababu stoo imejaa, nani anabeba hasara? Sisi tunaandika: siku moja bure, kuanzia siku ya pili kuna malipo kwa kila siku, na tunataja kiasi. Bila kukitaja, ukija kudai utaonekana mkorofi. La tatu, uzito ukizidi mizani kwa sababu mpakiaji alidanganya, faini ni ya nani.

Hatua ya pili: kupakia, na delivari noti yenyewe

Chapisha kitabu chako cha delivari noti. Kitabu cha nakala tatu cha kabonlesi (karatasi zinazojinakili zenyewe bila kabon) kwa mchapaji wa kawaida si ghali, na kila karatasi iwe na namba iliyochapwa, si ya kuandikwa kwa mkono. Nakala moja inabaki kwa mpakiaji, moja inaachwa kwa mpokeaji, na moja, ile ya juu yenye wino halisi, inarudi ofisini. Hiyo ndiyo hela yako.

Kwenye safari yetu ya mfano, sehemu ya juu itaandikwa hivi: jina la mwenye mzigo, jina na simu ya mpokeaji, namba ya kichwa na ya tela, jina la dereva, tarehe na saa ya kuanza na kumaliza kupakia. Katikati: "Mchele, magunia 300, uzito wa kila gunia kilo 100, jumla kilo 30,000, hali kavu, magunia mazima." Usiandike "mchele gari moja". Gari moja si kipimo.

Dereva au utingo ahesabu gunia kwa gunia linapopanda. Makuli wana mbinu zao za kuhesabu kwa safu, lakini dereva ahesabu kivyake, apige alama tanotano kwenye daftari, kisha hesabu mbili zilinganishwe. Zikitofautiana, magunia yashushwe, hesabu irudiwe. Najua ni kazi, na najua jua la Ubaruku. Ila gunia likishafunikwa turubai hakuna tena wa kuulizwa.

Kuna hali moja ambayo dereva hahesabu kabisa: kontena au bodi iliyokwisha kufungwa kwa lakiri (sili yenye namba) kabla gari halijafika. Hapo asithibitishe asichokiona. Aandike kwa mkono wake, juu ya sahihi: "Kontena limepokelewa likiwa limefungwa, lakiri namba fulani, idadi ya ndani haikuhakikiwa na msafirishaji." Sentensi hiyo ndogo hukutoa kwenye deni la vitu ambavyo huenda havikuwahi kuingia. Lakiri yenyewe ipigwe picha, namba ionekane vizuri.

Kama kuna kasoro, iandikwe hapohapo kabla ya kusaini. "Magunia 5 yameloa upande mmoja." "Katoni 2 zimebonyea." Mpakiaji atanuna. Mwache anune.

Sasa suala la uzito. Kwa wanaobeba viazi au vitunguu kuna lumbesa, lile gunia lililovimbishwa kichwa kwa kamba. Karatasi inasema kilo 100, ukweli unasema vingine. Chukulia kila gunia limezidi kilo 15 tu: magunia 300 ni kilo 4,500 za ziada ambazo hazimo kwenye karatasi wala kwenye nauli yako, lakini zimo kwenye springi zako. Sheria za vipimo haziruhusu lumbesa, na mizani ya barabarani haina huruma nayo. Ukiona magunia yamevimba, pima matatu au manne papo hapo, uandike uzito halisi.

Hatua ya tatu: karatasi za mzigo wenyewe

Mazao ya shambani yanatembea na stakabadhi ya ushuru wa halmashauri yanakotoka. Ushuru huo ulishushwa mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Anayelipa ni mnunuzi, si wewe, lakini anayesimamishwa kwenye geti ni dereva wako. Kwa hiyo gari lisiondoke bila stakabadhi iliyotoka kwenye mashine ya halmashauri, yenye kiasi kinacholingana na magunia yaliyopakiwa. Nimeshaona gari la magunia 300 lenye stakabadhi ya magunia 200, na mwenye mzigo akiwa Dar anasema "mwambie dereva aongee nao". Hilo si jibu.

Mbao, mkaa na mazao mengine ya misitu yana hati yake ya kusafirishia kutoka TFS, wakala wa misitu, yenye muda wa mwisho na njia. Ikipita tarehe njiani kwa sababu gari limeharibika, mwenye mzigo aarifiwe siku hiyohiyo, si ukifika kwenye kizuizi. Mifugo ina vibali vyake. Bidhaa za dukani ziwe na ankara ya mauzo na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) ya muuzaji, kwa sababu maofisa wa TRA, mamlaka ya mapato, husimamisha magari barabarani na kuuliza mzigo umenunuliwa wapi. Mwambie mwenye mzigo akupe nakala. Akisema risiti itatumwa baadaye, gari nalo litaondoka baadaye.

Hatua ya nne: njiani

Kutoka Mbarali gari litapita Makambako, Iringa, litashuka Kitonga, Mikumi, Morogoro, Chalinze, hadi mjini. Mizani ipo, ikiwemo ya Makambako, Mikese na Vigwaza. Sheria ya kudhibiti uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Ukomo wa gari zima ni tani 56, lakini usijidanganye na namba hiyo. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa kwa sababu ekseli moja imezidiwa: ya usukani ukomo ni tani 8, ekseli moja yenye tairi pacha ni tani 10. Mzigo uliosukumwa mbele au nyuma ndio unaokutoza. Tiketi ya kila mzani ihifadhiwe. Ikitokea mpokeaji anasema mzigo umepungua, tiketi za mizani mbili zenye uzito uleule ni ushahidi mzuri kwamba hakuna kilichoshushwa kati yake.

Risiti za mafuta ni eneo ambalo wenye magari wengi huvuja bila kujua. Dereva aombe risiti ya EFD yenye jina la biashara yako, namba yako ya mlipakodi na namba ya gari. Mhudumu wa pampu atasema "hiyo hapo ishatoka", atampa risiti isiyo na jina. Hiyo kwenye hesabu zako inaweza kukataliwa, na matumizi yakikataliwa unalipa kodi juu ya faida ambayo hukuipata. Mpe dereva kikadi kidogo chenye jina na namba hizo, akiweke pamoja na leseni, amwonyeshe mhudumu kabla pampu haijaanza.

Risiti ina alama ya kuskani kwa simu. Iskani ofisini. Tumewahi kuletewa risiti nzuri kabisa, lita nyingi, na tulipoiskani ikaonyesha kiasi kingine. Sikugombana na mtu siku ile, nililinganisha tu lita na kilomita za safari tatu zilizopita, nikapata jibu.

Jambo moja zaidi kuhusu risiti hizi: karatasi yake hufutika. Iache kwenye dashibodi juani kutoka Igawa hadi Chalinze, utakuta imebaki nyeupe au imekuwa nyeusi yote. Dereva aipige picha palepale kituoni na kuituma, kisha aiweke kwenye bahasha ya khaki, si kwenye mfuko wa nailoni. Ikifika ofisini, toa fotokopi siku hiyohiyo na uipini na ya asili.

Malipo mengine hayana EFD: kuziba pancha, kukodi turubai, kulipa makuli wa dharura. Kwa hayo dereva awe na kitabu cha vocha. Anaandika kiasi, kazi iliyofanyika, mahali, jina na simu ya aliyelipwa, na huyo anasaini. Faini za barabarani zilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo tu, na kila mwezi angalia kwenye mfumo kama gari lako lina deni. Dereva akikuambia "nimetoa kidogo njiani", hiyo ni hela isiyo na karatasi. Usiitafutie risiti ya uongo ili daftari lipendeze. Iandike jinsi ilivyo, hasara ya mwenye gari, na mzungumze naye kwa nini ilitoka.

Hatua ya tano: kushusha

Hapa ndipo tulipopoteza miezi minne, kwa hiyo niruhusuni nirefushe.

Dereva akifika getini aandike saa ya kufika kabla ya jambo lolote, na aombe mtu wa geti asaini pembeni ya saa hiyo. Bila saa ya kufika, zile siku za kusubiri mlizokubaliana haziwezi kudaiwa. Mzigo ukianza kushuka ahesabu tena gunia kwa gunia, amesimama karibu na mhesabuji wa ghala, si amelala chini ya tela. Najua ametoka safari ndefu. Alale baada ya sahihi.

Mpokeaji anaandika vitu vitano kwa mkono wake mwenyewe: jina kamili, cheo, simu, tarehe na saa, kisha sahihi na muhuri. Kama hakuna muhuri, na masokoni mara nyingi hakuna, apige picha ya mpokeaji akiwa ameshika delivari noti mbele ya duka au ghala, kwa ridhaa yake. Wengi hawakatai.

Ikiwa kuna upungufu, usikubali neno "pungufu" peke yake. Iandikwe: "Yamepokelewa magunia 296. Pungufu 4. Turubai na kamba havikuwa vimeguswa." Au kinyume chake, ikiwa kweli kamba zilikatwa. Wote wawili wasaini chini ya maneno hayo. Wapo wapokeaji wanaopenda kuandika "mzigo utahakikiwa baadaye". Huo ni mlango ulioachwa wazi. Dereva apige simu ofisini kabla gari halijatoka getini, na ofisi izungumze na mwenye mzigo wakati magunia bado yako palepale.

Picha ya delivari noti iliyosainiwa itumwe gari likiwa bado ndani ya geti. Mimi huisoma kwa kuikuza. Ikikosa jina, namrudisha dereva hatua ishirini. Akishafika Ubungo, hatarudi.

Hatua ya sita: ankara na risiti yako mwenyewe

Ankara iandikwe siku delivari noti inapofika, isisubiri mwisho wa mwezi. Iwe na namba yake, namba ya delivari noti, namba ya gari, njia, tani na bei. Tuseme mlikubaliana shilingi 110,000 kwa tani: tani 30 ni shilingi 3,300,000. Kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 18 ni shilingi 594,000, jumla 3,894,000. Toa kiasi kilichotangulizwa, onyesha salio. Malipo ya kusubiri yaandikwe kwenye mstari wake, na saa za kufika na kushusha pembeni. Ambatanisha nakala ya delivari noti, na uipeleke mahali ambapo mtu atasaini kuipokea kwenye kitabu chako. "Niliituma kwa WhatsApp" haina nguvu kama "iliyopokewa na fulani, Jumanne saa nne".

Hapa kuna mtego wa walioko kwenye VAT. Kodi inadaiwa kwa kufuata huduma na ankara, na ritani ya mwezi hupelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amekulipa au hajakulipa. Mteja wa siku 60 maana yake zile 594,000 utazitoa mfukoni kwako kwanza. Kuchelewesha risiti ya EFD ili kukwepa hili ni kosa lenye faini. Dawa yake ni kwenye makubaliano ya mwanzo: dai utangulizi unaotosha mafuta na VAT kwa pamoja.

Mzigo ukivuka mpaka

Ukitoka Dar kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, karatasi zinaongezeka na kosa la herufi moja linakuwa ghali. Wakala wa forodha ndiye anayeandaa tamko na hati ya transiti, lakini anayekaa foleni ni gari lako. Kabla ya kuondoka linganisha vitu vinne kwenye kila karatasi: namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya kontena na namba ya lakiri. Ukibadilisha kichwa njiani kwa ubovu, wakala abadilishe hati kabla kichwa kipya hakijafika mpakani.

Bima ya nyumbani haivuki, unahitaji kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvukia mpaka ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Usiichanganye na ile kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni ya dereva na huwekwa pamoja na pasipoti yake. Mzigo wa Kongo unahitaji pia FERI, hati ya kielektroniki ya mzigo unaoingia nchini humo. Hiyo ni kazi ya mwenye mzigo au wakala wake, ila usipakie kabla hujaiona.

Kontena tupu lina karatasi yake. Ukilirudisha yadi, chukua hati ya kurudishia inayoonyesha tarehe na hali ya kontena. Bila hiyo, kampuni ya meli inaweza kuendelea kuhesabu siku, na bili itamfuata mteja, naye ataisukuma kwako.

Hatua ya saba: bahasha ya safari

Kila safari ina bahasha moja, na juu yake namba: mwaka, gari, safari ya ngapi. Ndani kuna makubaliano, delivari noti ya juu, stakabadhi ya ushuru, tiketi za mizani, risiti, vocha, ankara. Dereva anafunga hesabu ndani ya siku mbili baada ya kurudi, na hapewi posho ya safari nyingine kabla. Mwanzoni walilalamika. Baada ya muda walianza kuuliza wenyewe, "Dada, bahasha yangu imekamilika?", kwa sababu iliyokamilika inaharakisha na malipo yao.

Daftari la safari, au faili la Excel, liwe na safu za tarehe, gari, delivari noti, mteja, ankara, kiasi, tarehe ya kulipwa. Kila Ijumaa tazama safu ya mwisho. Zenye nafasi tupu ndizo simu zako za siku hiyo.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Weka kwenye sanduku la bati, si kwenye boksi chini ya kitanda ambako mchwa nao wana hesabu zao. Na delivari noti tupu ikipotea, au kitabu kizima, nenda polisi utoe taarifa ya upotevu siku hiyo, kisha waandikie wateja wako namba zilizopotea, kutoka ngapi hadi ngapi, kwamba hazitumiki tena. Karatasi tupu yenye jina la kampuni yako mikononi mwa mtu mwingine inaweza kubeba mzigo ambao hutauona.